Mtoto anayetumwa dukani mara saba kwa siku

Nimekaa na hii stori ya watoto wetu na sigara za vibandani karibu mwezi mzima, naandika nafuta, leo lazima niimalize manake Alhamisi kuna baraza la chifu na nataka watu wa huku kwetu waisome kabla hawajaja.

Mimi ni mwalimu wa tusheni hapa Mombasa, wanaonifuata wanajua. Jumamosi asubuhi na wakati wa likizo nafundisha watoto wa gredi ya saba mpaka ya tisa kule Ziwa la Ng'ombe, kuna chumba tumekodi nyuma ya msikiti, madawati ya kuazima, watoto ishirini na kitu wamebanana. Alafu jioni napanda tuktuk naenda Nyali kwa familia moja, watoto wawili, nawafundisha hesabu na sayansi sebuleni kwao, feni juu, maji ya baridi mezani. Kama Kongowea hakuna jam ni dakika kumi na tano tu. Na mjue Ziwa la Ng'ombe na yale majumba ya Nyali ni eneobunge moja, mbunge wao mmoja, makaratasi ya serikali hayatofautishi. Miaka minne nimekuwa nikivuka kutoka huku kwenda kule na kurudi, naona vile vitu ambavyo kila mtu anaviona, nyumba kubwa nyumba ndogo, lami na vumbi, geti na pazia. Hiki ninachotaka kuwaambia leo sikukiona mpaka watoto waliponichorea.

Ilikuwa somo la ramani. Nikawaambia kila mtu achore njia anayopita kutoka kwao mpaka shule, aweke alama na ufunguo wa alama pembeni kama kwenye kitabu. Nilipata ramani ishirini na tatu. Nilizisahihisha usiku, taa ya simu manake stima ilipotea, na kufika ya tano hivi nikaanza kuona kitu kinajirudia. Watoto wa Ziwa la Ng'ombe hawana majina ya barabara ya kuandika, njia zao hazina majina, kwa hivyo wanaelekezana kwa vibanda. Kona ya muguka, yale majani ya kutafuna ya kuchangamsha. Kwa mama wa viazi karai. Duka la bluu. Na mvulana mmoja wa gredi ya nane, anakaa dawati la nyuma, hasemi sana, yeye ufunguo wake wa ramani ulikuwa na mwezi kwa msikiti, bendera kwa shule, mraba kwa duka, na alama ya nne ilikuwa kijiti kidogo kinatoa moshi. Nikahesabu vijiti. Kumi na kimoja, kutoka mlango wa kwao mpaka geti la shule, na hiyo njia mimi naitembea kwa dakika kumi.

Jumamosi iliyofuata nikamuuliza hii alama ni ya nini. Akaniangalia kama nimeuliza swali la mtoto mdogo, "Ticha, hapo ni pale panauzwa sigara." Kwani kila duka linauza? "Si yote. Yenye hayauzi sijayawekea moshi."

Jioni ile nikampa msichana wangu wa Nyali kazi hiyo hiyo, naye ni gredi ya nane, umri ni mmoja. Ramani yake nzuri, mistari imenyooka, geti la estate na soja wake, barabara, raundabauti, supamaketi, shule. Nikamuuliza njiani sigara zinauzwa wapi. Alifikiria kweli, mtoto mwenye adabu, akasema labda ndani ya supamaketi kule kwa keshia lakini hajawahi kuona. Na mimi namuamini. Anatoka ndani ya gari anaingia ndani ya gari, hiyo supamaketi kwenye ramani yake ni jengo tu la kuonyesha pa kupinda.

Basi mtu atasema sawa, kwenye watu wengi kuna maduka mengi, hilo si jipya. Hata mimi nilifikiria hivyo kwanza. Lakini maduka ni nusu tu ya hii habari, nusu nyingine ni miguu ya mtoto, na hapa ndipo nataka mnisikilize kidogo.

Nilimpa yule mvulana daftari dogo nikamwambia Jumamosi nzima, kila ukitumwa dukani piga mstari na uandike umetumwa nini. Akaniletea Jumapili baada ya alasiri. Mistari saba. Majani ya chai na sukari ya kupima asubuhi. Mahamri. Kredo ya mamake ya ishirini. Mafuta ya kupikia ya thelathini, kwenye karatasi. Nyanya mbili na kitunguu. Kiberiti, kwa sababu kile cha asubuhi kilikuwa kimeazimwa na jirani hakikurudi. Na usiku baada ya isha, sigara mbili za mjomba wake.

Nyumba isiyo na pesa ya kununua mafuta ya lita moja inanunua ya kupima, na ya kupima hayalali, yanaisha hapo hapo, kesho ni kutuma tena. Sisi tuliokulia huku tunajua, mamako hana mshahara wa mwisho wa mwezi, ana pesa ya leo, na ya leo yenyewe inaingia vipande vipande, ikiingia mia asubuhi mnakunywa chai, ikiingia mia mbili saa nane ndo mboga inaenda kutafutwa. Kila kipande kina safari yake dukani na safari zote anatumwa mtoto. Kule Nyali trolley inajazwa mara moja kwa wiki, dereva anabeba, mtoto hajui bei ya chumvi. Kwa hivyo mtoto wa huku hapiti mbele ya sigara mara mbili kwa siku kwenda na kutoka shule tu, anapita na za kutumwa zote. Na hapiti tu, anasimama. Anasimama pale dirishani anangoja mafuta yapimwe, dakika mbili, dakika tano kama kuna foleni, na macho lazima yaangalie mahali.

Wacha niwaonyeshe kinachoangaliwa. Kibanda cha karibu na kwao nimeenda nikasimama mwenyewe, nikachutama kidogo nifike urefu wa mtoto wa miaka kumi na tatu. Kuna grili ya nondo na tundu la kupitishia pesa. Ndani ya tundu, mkono wa kulia, mtungi wa lawalawa, mtungi wa mabuyu, mtungi wa Big G. Mkono wa kushoto kikabati cha plastiki cha rangi kali, pakiti zimepangwa zinaangalia nje, ya chini kabisa iko wazi imefunguliwa, sigara zimechomoza nusu. Katikati ya vitu hivyo viwili hapaingii hata ngumi yangu. Na kwenye nondo kimening'inia kiberiti cha gesi, kimefungwa na kamba ya mpira ile ya kukatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ili mwenye kununua moja aiwashe hapo hapo. Ile kamba imevutwa mpaka imelegea, kiberiti kinaning'inia sawa na kifua cha mtoto. Nilisimama pale nikangoja kununua kiberiti changu cha njiti, na katika muda huo mdogo wamekuja watoto watatu na watu wazima wawili, hao wakubwa wote wawili waliwasha, moshi ukapita juu ya vichwa vya wale watoto, hakuna aliyeona kuna jambo limetokea.

Mtu ambaye hajaishi hivi anaweza kudhani mimi nazidisha. Kuna utafiti ulifanywa Uskoti, huko Uingereza, walichukua watoto 692 wa miaka 10 na 11 wakawapa vifaa vya GPS wavae, kile kifaa kinarekodi walipo kila wakati kwa wiki nzima, alafu wakalinganisha na ramani ya maduka yote yenye kibali cha kuuza tumbaku. Mtoto wa mitaa maskini kabisa alikuwa anakutana na duka la sigara mara 149 kwa wiki. Mtoto wa mitaa ya wenye nacho, mara 23. Na kitu kilichonikaa kichwani zaidi ni kwamba hiyo tofauti ilikuwa kubwa kuliko ambavyo ungetarajia kwa kuhesabu tu maduka yaliyo karibu na nyumba zao. Yani ni ile ile ya miguu. Mwendo wa mtoto maskini unapita madukani, hata Ulaya ambako wana supamaketi kila kona. Na huko Uskoti sigara zenyewe zimefichwa, tangu 2013 kwa maduka makubwa na 2015 kwa madogo hairuhusiwi kuziweka zionekane, ziko nyuma ya milango. Sasa nyinyi fikirieni mtoto wa huku ambaye zimepangwa usoni pake karibu na lawalawa.

Mimi sikukulia kwenye dunia bila matangazo. Nilikuwa mdogo miaka ya tisini, nakumbuka maduka yaliyopakwa rangi ya sigara ukuta mzima, nakumbuka lori linakuja uwanjani na spika, linapiga muziki, wanarusha kofia na fulana, sisi watoto tunakimbilia. Babangu mdogo alivaa ile fulana mpaka ikatoboka. Hatukujua kama ni tangazo, tulijua ni sherehe. Kenya ikaridhia mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, ikaja Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ikaanza kufanya kazi 2008, matangazo yakapigwa marufuku, udhamini marufuku, kuuzia aliye chini ya miaka 18 marufuku. Zile kuta zikapakwa upya. Lori halikuja tena. Hilo nalishukuru kwa moyo wote, kuna watoto wameokoka ambao hawatajua kamwe waliokolewa na nini.

Lakini sheria hiyo hiyo inasema pia sigara isiuzwe moja moja, pakiti isiwe na chini ya sigara kumi. Someni tena hapo. Niambieni ni kibanda gani kutoka hapa mpaka Mtopanga kisichouza moja moja. Hakuna. Moja ni kati ya shilingi kumi na ishirini kutegemea aina, yani ni bei ya mahamri, ni bei ya barafu, ni ile ile chenji ambayo mtoto huachiwa akitumwa. Waliotunga sheria walijua walichokuwa wanafanya, mtoto wa shule hana pesa ya pakiti nzima, ukiifunga ile moja umefunga mlango wake. Sasa mlango uko wazi na uko wazi huku kwetu peke yake, manake kule Nyali supamaketi inauza pakiti nzima na keshia anamuona mtoto wa yunifomu.

Alafu kuna picha. Tangu 2016 pakiti zinatakiwa ziwe na picha za kutisha, mapafu, koo, zile picha. Kampuni za sigara zilipigana na zile kanuni mahakamani miaka, mpaka Mahakama ya Juu kabisa, na tarehe 26 Novemba 2019 mahakama ikasema kanuni zibaki. Ushindi mkubwa na haki. Ila mtoto anayenunua moja anapewa kijiti cheupe kisicho na neno lolote. Ile picha inabaki dukani na mwenye duka. Yani onyo lenyewe limewafikia wenye pesa ya pakiti, huyu wa moja ya shilingi kumi na tano aliyekuwa analihitaji zaidi hajalishika mkononi hata siku moja.

Nikaenda kuongea na mama wa hilo duka. Namheshimu, na sitaki msomaji atoke hapa na picha ya mama mbaya. Nimemuamkia, tumekaa kwenye kindoo, kanipa soda kakataa pesa. Nikamwambia, mama, huyu mtoto anakuja usiku kuchukua sigara, unajua ni wa gredi ya nane. Akasema, "Mwanangu, si anatumwa? Mjomba wake namjua, ananipigia simu anasema mtoto anakuja mpe mbili." Na hiyo ndo kauli, nimetumwa. Mtoto akisema nimetumwa hakuna anayeuliza zaidi, manake kwetu kutumwa ni adabu, mtoto asiyetumwa ni mtoto aliyeharibika. Nikamuuliza na yule ambaye hakutumwa anayesema ametumwa, mtamjuaje? Akanyamaza. Akaniambia baadaye, tukiwa tumeshaingia stori nyingine, kwamba kuna siku aliona mmoja kapinda kona badala ya kwenda nyumbani.

Alafu akanifungulia hesabu. Nyanya zikilala siku mbili anatupa. Mkate ukibaki anakula na watoto wake. Sigara haiozi, haivunjiki, haihitaji friji, na akiifungua pakiti akauza moja moja anapata zaidi kuliko kuiuza nzima. "Kodi ya hiki kibanda inalipwa na kile kikabati," akasema, ananyooshea kidole. Kikabati chenyewe aliletewa bure na kijana wa mauzo wa pikipiki, yule huja kila wiki, akamwambia akiweke mbele panapoonekana. Kila kibanda cha njia ile kina kikabati kama hicho. Mama wa watu amepewa rafu bure, amepewa mali anayouza haraka, amepewa mahali pa kuiweka, na aliyempa haonekani kwenye ramani ya mtoto yeyote. Mimi hapo ndipo hasira yangu ilipo. Haiko kwa mama.

Na siwezi kuzungumza vibanda vya Mombasa nikaacha muguka, mtanishangaa. Mnakumbuka Mei 2024 gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka kaunti hii, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, alafu mahakama ya Embu ikasimamisha, wakulima nao wakalia, Nairobi ikaingilia, na kelele zikawa nyingi mpaka tukasahau tulianza na nini. Sitaki kurudi kwenye ugomvi ule. Nataka tu muone kwamba kibanda cha muguka ni kibanda cha sigara, mwenye kutafuna anavuta, vinauzwa pamoja dirisha moja na njugu na Big G. Kwa hiyo kila kibanda kipya kinachofunguliwa ni kijiti kingine cha moshi kwenye ramani. Na vibanda vya muguka havifunguliwi Nyali, mnajua wenyewe.

Watoto wa Nyali wana lao, sitasema wako salama. Yule kaka wa mwanafunzi wangu, miaka kumi na sita, kwenye simu yake anaoneshwa vile vya kuvuta vya betri vyenye ladha ya maembe na stroberi, anaoneshwa na vijana wazuri wenye wafuasi wengi, na vile vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo ambavyo vilianza kuuzwa hapa Kenya 2019, mwaka 2020 Wizara ya Afya ikasema havikusajiliwa kwa njia inayotakiwa, alafu baadaye vikarudi. Mwaka 2024 seneta Catherine Mumma alipeleka Seneti mswada wa kuviingiza hivyo vyote kwenye sheria ya tumbaku na ninauunga mkono. Lakini mamake yule kijana aliona, akaita daktari wa familia, akampeleka kwa mshauri, simu ikachukuliwa wiki tatu. Mtoto wa huku akianza, nani ataona? Mama yuko sokoni Kongowea tangu saa kumi alfajiri na mboga zake.

Kwa Kenya nzima, uchunguzi wa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15 uliofanywa 2013 ulikuta asilimia 9.9 wanatumia tumbaku ya aina fulani, wavulana 12.8, wasichana 6.7. Kwenye chumba changu cha watoto ishirini na tatu, hiyo asilimia ni kama wawili. Nikiwaangalia Jumamosi najikuta natafuta ni wawili gani, na hiyo ni dhambi, najua, mtu usiangalie watoto hivyo. NACADA, wale wa serikali wa kupambana na ulevi na madawa ya kulevya, nao 2022 walikuta kuna walioanza tumbaku wakiwa na miaka 6. Miaka sita ni mtoto anayeanza kutumwa. Ndo umri hasa mtoto wa huku anapewa shilingi ishirini mkononi na kuambiwa usiipoteze.

Sasa tunataka nini Alhamisi. Mimi nitasimama niseme kwa pombe kuna sheria ya 2010, ile watu waliipa jina la Mututho, mbunge aliyeileta, baa haipewi leseni ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto. Watu waliona ni sawa, baa zikahamishwa. Kibanda cha sigara cha karibu na geti la shule yetu nimekipima kwa hatua zangu, hatua arobaini na mbili. Kaunti ndiyo inayotoa leseni za biashara, basi iweke sharti la umbali kwenye leseni. Philadelphia huko Marekani tangu 2017 duka jipya la sigara haliruhusiwi ndani ya futi 500 kutoka shule, kama mita 150, na wameweka kikomo cha leseni kulingana na idadi ya watu wa eneo, ili zisirundikane kwa maskini peke yao. Uganda hapa jirani sheria yao ya 2015 imesema sigara zisionyeshwe dukani, na umri wakaupandisha mpaka 21. Hawa ni Waganda, maduka yao ni kama yetu, dukawala wao ni kama wetu. Kwa hiyo asije mtu kuniambia haiwezekani Afrika.

Na hili la kutumwa ni letu sisi wenyewe, halihitaji gavana. Mjomba ana miguu. Kama mnavuta, na mimi simhukumu mtu manake babangu mdogo yule wa fulana alikufa anakohoa na mpaka siku ya mwisho alikuwa anaomba moja, basi ndugu zangu jitumeni. Sitachoka kusema hili barazani hata wakinizomea. Wakati wa Ramadhani tunaona tunaweza, mchana kutwa vibanda viko kimya, hakuna mtoto aliyeshika sigara ya mtu. Baada ya futari tu ndo unaona kale kamtoto kanakimbia kutoka maskani na sarafu.

Mama wa duka nimemuomba kitu kimoja, akisogeze kile kikabati nyuma ya magunia ya unga. Hakukataa. Amesema atakisogeza, lakini yule kijana wa pikipiki akija akikuta hakiko mbele anaweza kukichukua na kumpa mwingine, na yeye ana kodi ya mwezi huu. Nimemwambia aje barazani aseme hivyo hivyo mbele ya chifu, mwenyewe, kwa mdomo wake. Amesema atakuja akipata wa kumshikia duka. Nimemwambia nitamtafutia mtu, hata kama ni mimi nitakaa dakika zile anazoongea.

Ramani ishirini na tatu nimezitoa kopi, ziko kwenye bahasha ya khaki. Wazazi wote niliowaomba ruhusa wamekubali, majina nimeyafuta. Baraza ni saa tatu asubuhi pale penye mwembe, wale wa Maweni na Kadzandani pia njooni, hii si ya Ziwa la Ng'ombe peke yake.

Jana jioni nikiwa nafunga chumba yule mvulana wa dawati la nyuma akarudi, anahema, ametumwa mafuta chupa iko mkononi. Akaniomba ramani yake kidogo. Nikafikiri amebadili mawazo hataki ipelekwe. Nikaitoa. Akachukua kalamu yangu, akainama kwenye dawati, akachora kijiti kingine na moshi wake, karibu na ile bendera ya shule, akasema wamefungua juzi. Alafu akakimbia, manake mamake alikuwa ameshaweka sufuria motoni.